Kabla ya Kubisha Hodi kwa Kampuni

Asasi nyingi za hisani huanza kwa kuandika barua moja ya kuomba fedha na kuisambaza kwa kila kampuni yenye jina. Nyingi huishia makabrashani, na si ajabu.

Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inatoa mfano ulio bora. Upasuaji wa fistula ya uzazi ulikuwa bure, lakini wanawake walikwamishwa na nauli. Kampuni ya simu tayari ilikuwa na M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008. Kwa ufadhili wa Vodafone Foundation, nauli ikawa inatumwa kwenye simu ya balozi aliye karibu na mgonjwa; yeye alikata tiketi, na mgonjwa alipofika hospitalini, balozi alipata malipo kidogo.

Asasi inayoanza na ijiulize: wagonjwa wetu wanazuiwa na nini hasa, na nani anacho? Hesabu zilizokaguliwa na cheti cha usajili viwe tayari mezani. Na siku kampuni ya sigara itakapojitokeza na hundi, bodi iwe imekwisha kuamua jibu lake.