Utangulizi: Chumba cha Kumi kwa Kumi

Hii ni fani ambayo mafundi wa Ukambani walikuwa wakiifanya kabla ya vyuo vikuu kuipa jina. Pita Kalundu mjini Kitui, au shuka Wote au Emali siku ya soko, uone ploti zilivyojengwa kwa kipimo kilekile: chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja, ukuta wa kushirikiana na jirani. Mwenye ploti hujenga vyumba vinne, kodi ikiingia anaongeza viwili, na ndengu zikiuzika vizuri mwaka huo anamaliza safu. Huo ndio ujenzi wa moduli: sehemu moja inayorudiwa na kuungana na nyingine bila kubomoa iliyotangulia. Kitabu hiki kinaanzia hapo. Makontena yanayoshushwa kwa kreni tutayataja, lakini baadaye.

Ujenzi huu ni jibu la msongamano wa watu. Utauliza: msongamano gani, Kitui? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na jirani yake Makueni watu 987,653. Ukigawa tu, kila mtu ana nafasi ya kuchunga mbuzi. Ila watu hawajigawi hivyo. Wanakwenda kwenye kazi, maji na barabara. Kwa Vonza ilivuta wapangaji kwa sababu ya chuo kikuu cha SEKU, kilichopata hati yake 2013. Emali, Kibwezi na Mtito Andei ziko kwenye barabara ya Mombasa, na tangu 2017 zina stesheni za reli mpya. Hapo ploti ya hamsini kwa mia hubeba familia kumi na tano au zaidi, na jirani yake vilevile.

Wazo la kuacha kifaa kiamue ukubwa wa chumba ni la kale kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haivuki salama zaidi ya mita mbili na nusu hivi, tatu kwa shida. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu. Hakuna aliyelalamika kwamba boriti ni fupi. Mjenzi alirefusha chumba upande ambao boriti haikumzuia. Kisha ikaja ile nyumba ya Majengo ya Mombasa na Kariakoo ya Dar es Salaam, korido katikati na vyumba pande mbili, ambayo hukodishwa chumba kimoja kimoja. Sijaona mchoro wa kigeni wa nyumba ya kupanga ulioelewa kipato cha mpangaji kuliko nyumba ile.

Wageni nao walijaribu. Ernst May, msanifu majengo wa Kijerumani aliyeishi Afrika Mashariki tangu 1934, alibuni katika miaka ya 1940 nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari kwa ajili ya Waafrika. Kolombia ya miaka ya 1950 ilitupa CINVA-Ram, mashine ya mkono ya kushindilia udongo, na mashine nyingi za matofali ya kufungamana zinazotumika Kenya leo ni wajukuu wake. Huko Iquique, Chile, Alejandro Aravena na wenzake walijenga 2004 nusu ya nyumba, ile nusu ngumu, wakaiachia familia nafasi ya kujaza nusu ya pili. Huyo namkubali zaidi, maana mwenye ploti wa Kitui angemwelewa bila mkalimani.

Sasa tuingie kazini. Bati la mita tatu ni la kawaida dukani. Chumba cha futi kumi ndani kina mita 3.05, ongeza kuta mbili za sentimita 14, unafika mita 3.33. Bati halifiki. Fundi anaongeza la mita mbili, na mwenye nyumba akisema hataki upenu mrefu, kipande kinakatwa na kutupwa au kinalaliana bure. Rudia hasara hiyo kwa vyumba kumi na sita. Lakini ukiacha mabati yote mawili kama yalivyo, ukatoa maungio na upenu mdogo wa nyuma, mbele unabaki na karibu mita moja iliyofunikwa. Wapangaji wanapikia mlangoni, jua liwe kali au mvua inyeshe. Hasara imekuwa baraza, na hakuna shilingi iliyoongezwa kwenye paa.

Ukuta ni hesabu ya pili. Tofali la kuchoma linakula kuni, katika nchi kavu ambako 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa. Mchanga nao una sheria Makueni tangu 2015, kwa kuwa mto ukichotwa mchanga, maji ya kiangazi yanakwenda nao. Tofali la kufungamana halichomwi, na linahitaji mota kidogo sana kwa sababu linashikana lenyewe. Linataka saruji asilimia tano hadi kumi, kivuli, na kumwagiwa maji kwa wiki moja angalau. Udongo mweusi wa mabondeni haufai. Mwekundu unafaa mara nyingi, lakini usiamini rangi: jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, iache itulie, upime tabaka la mchanga na la mfinyanzi.

Na maji yenyewe? Paa la vyumba kumi, pamoja na baraza, ni kama mita za mraba 150. Kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hata moja ya tano ikipotea, unavuna zaidi ya lita 70,000, nyingi zikiwa za Oktoba hadi Desemba. Jenga safu ya kwanza na tangi lake, na matofali ya safu ya pili yatafyatuliwa kwa maji ya ile ya kwanza. Vyoo viweke upande wa barabara, bomba la lori la kunyonya maji taka lifike. Watu huvificha nyuma kwa staha, halafu shimo linajaa na lori halina njia.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Mama anayeuza mboga Wote hana hati ya mshahara. Nyumba yake ni chumba cha kupanga, kwa hiyo anayetaka kumpunguzia gharama aanze na mwenye ploti.

Lililobaki gumu ni kwenda juu. Ukuta wa sentimita 14 unabeba paa la bati bila wasiwasi. Sakafu ya zege na familia juu yake ni jambo jingine, linalodai nguzo, mkanda wa zege na msingi uliokadiriwa tangu mwanzo. Wengi husema watafikiria ghorofa pesa zikipatikana. Zinapopatikana, wanagundua kwamba mahali pekee pa kuweka ngazi pana mpangaji.