Maana Nyingi za "Put Off"

Katika Kiingereza yako maneno mafupi yanayomsumbua mwanafunzi kuliko yale marefu. Neno refu hutafutwa katika kamusi likapatikana. Lakini maneno mawili madogo yakiunganishwa, mara nyingi huzaa maana isiyokuwamo katika lo lote la hayo mawili. Mfano wake ni "put off". "Put" ni kuweka, na "off" huonyesha kutengana na kitu. Lakini kwa kuyajumlisha tu mtu hapati yote yanayokusudiwa.

Maana itumikayo zaidi ni kuahirisha. "The meeting has been put off till Monday": mkutano umeahirishwa mpaka Jumatatu.

Ya pili ni kuzima. "Put off the lamp": zima taa.

Ya tatu ni kumwondolea mtu hamu. "The smell put him off his food": harufu ile ilimwondolea hamu ya chakula.

Ya nne ni kumshusha abiria. "The conductor put him off the bus": kondakta alimshusha katika basi.

Ya tano ni kumzungusha mtu kwa udhuru, kama mdaiwa amwambiaye mdai "njoo kesho", na kesho yake akasema vivyo hivyo. "He put me off with excuses."

Ya sita ni ya kale, nayo ni kuvua nguo au viatu. Huonekana katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611.

Njia ya kutambua maana ni kutazama jambo linalotajwa pamoja na maneno hayo. Likiwa ni taa, ni kuzima. Likiwa ni safari, mkutano au kesi, ni kuahirisha. Akiwa ni mtu, sharti sentensi yote isomwe mpaka mwisho.

Kukosea hapa kwaweza kuleta hasara. Mtu aliyezoea "put off" ya taa, akiambiwa "Your case has been put off", aweza kudhani kesi yake imezimwa, akakaa nyumbani kwa furaha. Sivyo. Kesi ingalipo, ni siku tu iliyobadilishwa. Asipofika siku hiyo mpya, shauri laweza kusikizwa na kukatwa yeye hayupo. Mkutano ukivunjwa kabisa, Waingereza husema "called off", wala si "put off".

Tena, neno "it" likitumika hukaa katikati: husemwa "put it off", wala si "put off it".

Mambo haya si ya Kiingereza peke yake. Mswahili hupiga pasi, hupiga picha na hupiga magoti, wala hapana aliyeumizwa. Mgeni hujifunza kila moja kwa sentensi yake, na mwanafunzi wa Kiingereza yampasa kufanya vivyo hivyo. Apatapo barua yenye maneno asiyoyafahamu vema, na aulize kwanza, hasa ikiwa imetaja tarehe. Kuuliza si ujinga.