Uvira: Wamama wa kusikiliza wapo Mulongwe, masta ndiyo iko mbali

Katika mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, mtu aliyevunjika mguu anajua mlango wa kubisha. Aliyeumia moyoni, mara nyingi majirani wanamuelekeza kwa mama mmoja anayeitwa APS. Ni herufi tatu za Kifaransa zenye kumaanisha msindikizaji wa mambo ya akili na ya kijamii. Katika Kivu Kusini, wasindikizaji hao wanakutwa kwenye vituo vya afya, katika nyumba za kusikiliza na mahali wanapopokelewa wahamiaji wa vita. Wanakaa na mtu, wanamsikiliza, wanamsindikiza hospitali, kisha wanarudi kumtembelea nyumbani.

Wengi wao walijifunza kazi hiyo kwa semina za siku chache zilizolipiwa na mashirika. Ukiwauliza karatasi, wanatoa rundo la vyeti vya semina. Katika nchi nyingine kazi hiyohiyo ina jina lake, kazi ya kijamii ya kliniki, na inafundishwa chuo kikuu mpaka ngazi ya masta. Kumbe Mulongwe kazi ipo tangu zamani. Kinachokosekana ni diploma, na ukosefu huo unagusa mambo mazito: nani anasikilizwa mbele ya tribinali, nani anawasimamia wengine, na nani anabaki kazini mradi wa shirika unapofungwa.

Mji uliobeba mengi

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Muda si mrefu, maji ya Ziwa Tanganyika nayo yakapanda na kuingia katika makao ya watu wa pwani. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na makumi ya maelfu ya Wakongomani wakavuka kuingia Burundi. Disemba ya mwaka huohuo vita viliingia Uvira yenyewe, na watu wakakimbia tena.

Mwenye kupoteza nyumba anapewa bashi, sufuria na unga. Hayo yanahesabika. Lakini yule asiyelala usiku, anayeruka kila akisikia mlango unagongwa, ama mtoto aliyeacha kusema tangu siku ya mafuriko, hao hawaonekani kwenye orodha ya ugawaji. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kwa 5 ana tatizo fulani la afya ya akili. Katika mtaa wenye watu wengi kama Mulongwe, hakuna parsele iliyo mbali na hesabu hiyo.

Utafiti uliofanyika hukuhuku Kivu

Je, mtu asiye na diploma kubwa anaweza kweli kumtibu mwenye majeraha ya moyo? Jibu moja lilitoka Kivu yenyewe. Juni 2013, jarida la kiganga la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na shirika la IRC. Wamama 405, waliofanyiwa ama kushuhudia ubakaji, walifuatiliwa vijijini. Maswali waliulizwa kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Mashi na Kihavu.

Vijiji viligawanywa sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, wamama 248 walipewa msaada wa kawaida, mmoja mmoja. Katika ya pili, 157 waliingia vikundi vya watu 6 mpaka 8 na kufuata mazungumzo ya mara 12 yenye mpango maalumu. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa bila kuandika.

Mwanzoni, 71 kwa mia ya wale wa vikundi walikuwa na dalili kali za huzuni ama wasiwasi. Miezi 6 baada ya mazungumzo kwisha, walibaki 9 kwa mia. Katika sehemu nyingine pia kulikuwa nafuu, ila ndogo zaidi: kutoka 83 kwa mia mpaka 42 kwa mia.

Walioendesha vikundi hivyo hawakuwa maprofesa. Walikuwa wamama Wakongomani, wasindikizaji wenye masomo ya sekondari, wakafundishwa kwa muda mfupi. Lakini hawakuachwa peke yao. Wasimamizi Wakongomani waliwafuata kila juma, ana kwa ana ama kwa simu. Juu ya wasimamizi hao alikuwepo mfanyakazi wa kijamii wa kliniki aliyesomea Marekani, mwenye kusema Kifaransa, na juu yake tena walimu waliokuwa Marekani.

Ngazi hiyo inaonyesha wazi pengo liko wapi. Watu wa kusikiliza walipatikana kijijini, na wasimamizi walipatikana Congo. Kiti kilichohitaji masta ndicho kilichokaliwa na mtu kutoka nje. Mradi ukiisha, mtu wa namna hiyo anarudi kwao, na wamama wa APS wanabaki na majeraha ya watu pasipo wa kumuuliza. Msindikizaji anayesikiliza habari za ubakaji toka asubuhi mpaka jioni, kesho yake tena, naye anachoka, anaota ndoto mbaya, ama anakuwa mkavu mbele ya anayelia. Msimamizi aliyesoma yupo kwanza kwa ajili yake.

Sheria inamuita mwanasaikolojia

Sababu ya pili iko katika sheria. Tarehe 20 Julai 2006, Congo ilitangaza sheria mbili juu ya ubakaji. Moja yao, namba 06/019, inaagiza kwamba mwendesha mashtaka ama jaji aliyepokea kesi ya ubakaji aite muganga na mwanasaikolojia ili wapime hali ya aliyetendewa.

Msindikizaji wa Mulongwe anaweza kuwa alikaa na mama huyo miezi sita, anajua siku alipoanza kula tena na siku aliposhika mtoto wake tena. Lakini neno lake halina uzito wa ripoti ya mtaalamu. Mtaalamu naye asipopatikana, upande huo wa kesi unabaki mtupu. Tangu sheria ya Disemba 2022 iliyounda mfuko wa fidia kwa wahanga, FONAREV, mahitaji ya watu wenye uwezo wa kuandika ripoti na kusindikiza wahanga kwa muda mrefu yameongezeka tena.

Masta hiyo ni masomo gani?

Masomo haya yenyewe yalikuzwa na vita. Mwaka 1918, chuo cha Smith, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, kilifungua mafunzo kwa wanawake watakaohudumia askari waliorudi na akili iliyovurugika kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo nchini humo masta ya kazi ya kijamii inachukua kwa kawaida miaka 2, na mwanafunzi analazimishwa kufanya angalau saa 900 za staji. Baada ya hapo, kabla ya kuruhusiwa kutibu peke yake, anafanya kazi chini ya msimamizi kwa maelfu ya saa.

Mfanyakazi wa namna hii haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya muganga wa magonjwa ya akili. Yeye anatibu kwa mazungumzo, lakini hatazami kichwa peke yake. Anauliza pia nyumba ya kupanga, minervali ya watoto, bwana aliyekimbia, shamba lililonyanganywa. Hospitali ya Panzi, Bukavu, inafuata wazo hilohilo: matibabu ya mwili, msaada wa moyo, wakili na msaada wa kujitegemea vinapatikana pamoja.

Njia zilizopo

Congo, jina la kazi ya kijamii ya kliniki bado halijazoeleka. Mlango wa karibu ni saikolojia ya kliniki. Kitivo cha saikolojia kipo Kisangani, Kinshasa na Lubumbashi, miji ambayo kwa mtu wa Uvira ni safari ya ndege. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, nchi ilianza mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Wamama na wababa wengi wenye gradua ya zamani wanapaswa kwanza kuuliza chuo namna miaka yao inavyohesabiwa.

Bukavu ina vyuo vikuu, na kwa barabara haizidi sana kilometa 120. Lakini tangu Februari 2025 safari hiyo ilikatwa na mistari ya vita, na benki za Bukavu zilifungwa, hata kutuma minervali ikawa shida.

Upande wa mashariki kuna milango mingine. Bujumbura iko karibu kuliko zote, na Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha kwa Kifaransa. Mpaka wa Kavimvira ukiwa wazi, mtu anaweza kwenda na kurudi. Kigali, Kampala na Dar es Salaam kunafundishwa saikolojia ya kliniki ama kazi ya kijamii mpaka masta, ila kwa Kingereza. Kiswahili kitamsaidia mwanafunzi sokoni na katika staji, lakini memware ataandika kwa Kingereza. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni vema kuuliza kama chuo kinawatoza Wakongomani bei ya wageni ama ya wanajumuiya.

Wa kuanzia hukuhuku

Kwa anayefanya kazi leo, maandalizi yanaanza kabla ya kupata feza. Vyeti vya semina vitunzwe vyote, vikiwa na tarehe na idadi ya siku. Shirika linapofunga mradi, liombwe barua inayoeleza kazi iliyofanyika na jina la aliyesimamia. Na kabla ya kulipa hata dola moja, chuo kiulizwe mambo matatu: diploma yake inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Staji inafanyika wapi? Nani anamsimamia mwanafunzi siku anapokutana na mgonjwa wa kwanza? Chuo kisicho na jibu la swali la tatu kinauza darasa tu.

Tena umri si kizuizi. Dokta Denis Mukwege alisoma uganga Bujumbura, akaanza kazi mwaka 1983 Lemera, katika teritware ya Uvira, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uganga wa wanawake. Alirudi. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa Oktoba 1996. Mwaka 1999 Panzi ikafunguliwa. Udaktari wake wa chuo kikuu aliutetea Brussels mwaka 2015, akiwa na miaka 60, juu ya majeraha yaleyale aliyokuwa akiyashona miaka mingi.

Uvira haihitaji masta mia. Wachache waliosoma, wanaojua Kifuliiru, Kivira na Kiswahili cha kwao, wangetosha kushika kile kiti cha katikati: kumsimamia mama wa APS, kuandika ripoti ambayo jaji ataipokea, na kubaki mjini siku gari za mradi zinapoondoka.