Programu Huru

Kompyuta yenyewe haijui neno lo lote. Hungoja kuagizwa, na maagizo hayo huitwa programu. Iko programu ya kuandikia barua, iko ya kufanyia hesabu, tena iko moja iliyo kuu, iiamshayo mashine na kuzitawala nyingine zote.

Programu nyingi huuzwa, lakini mnunuzi hupewa ruhusa ya kuzitumia tu. Maagizo yamefichwa, kama mtu auzaye mkate na kukataa kusema ulivyokandwa. Mara nyingi shule hulipa kwa hesabu ya mashine zake. Isiyo na fedha hukaa bila programu, au huinakili kwa siri, nako ni kuvunja sheria.

Katika nchi ya Marekani alikuwako fundi aitwaye Richard Stallman. Chuoni kwake mafundi walikuwa wamezoea kupeana programu kama majirani wapeanavyo moto, hata wenye kuuza wakaanza kuwakataza. Jambo hilo lilimchukiza. Mwaka 1983 akatangaza ya kuwa atatunga programu kuu iliyo huru, akaiita GNU. Mwaka 1984 akaacha kazi yake chuoni ili aishughulikie. Hata mwaka 1991 vipande vingi vilikuwa tayari, ila kile cha ndani kabisa, kiunganishacho programu na mashine, kilikuwa bado. Ndipo Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Ufini, akatoa kipande cha namna hiyo alichojitungia. Kikaitwa Linux, nacho kikaunganishwa na vile vya GNU.

Kwa Kiingereza neno moja lina maana ya “huru” na ya “bure”, na Stallman amewaeleza watu tofauti mara nyingi. Sisi tunayo maneno mawili, haitupasi kukosea. Programu huru hupatikana bure mara nyingi, lakini sifa yake ni ruhusa: kuitumia kwa kazi yo yote, kuyasoma maagizo yake, kuyabadili, na kumpa mwenzio nakala.

Ruhusa hiyo ilizaa matunda Dar es Salaam. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha huko walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, kwa Kiswahili. Hawakungoja tajiri wa ng'ambo apime kwanza kama lugha yetu itamletea faida. Maagizo yalikuwa wazi, nao wakayafasiri. Siku hizi ndugu yake, LibreOffice, yaweza kuchukuliwa na shule yo yote.

Lakini umeme hulipiwa, na fundi hulipwa. Tena barua iliyoandikwa kwa programu ya kuuzwa, ikifunguliwa kwa LibreOffice, mara nyingine mistari yake husogea, nako huudhi sana. Kwa hiyo mwalimu mwangalifu hujaribu kwanza katika mashine moja, hasa ile kuukuu, maana ziko namna za Linux zilizo nyepesi, ziwezazo kuendesha mashine ambayo programu mpya za kuuzwa zimekwisha kuikataa.