Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya New York

Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya New York ni mahakama ya serikali kuu ya Marekani inayosikiliza kesi za mwanzo katika sehemu ya kusini ya jimbo la New York. Makao yake yako Manhattan, katika jiji la New York. Ni mojawapo ya wilaya 94 za kimahakama zilizopo chini ya serikali ya shirikisho ya Marekani, na ni kati ya zile kubwa na zenye kazi nyingi zaidi.

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki mahakama hii ina umuhimu wa pekee. Ndipo waliposhtakiwa watu kadhaa waliohusika na milipuko ya mabomu kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998.

## Maana ya "wilaya"

Msomaji asichanganye mahakama hii na mahakama ya wilaya ya Tanzania. Nchini Tanzania mahakama ya wilaya huongozwa na hakimu na iko chini ya Mahakama Kuu. Nchini Marekani mahakama ya wilaya huongozwa na jaji aliyeteuliwa na rais, na kesi nzito kabisa za serikali kuu huanzia hapo. Kwa uzito wa kazi yake inafanana zaidi na Mahakama Kuu ya Tanzania au ya Kenya.

Marekani ina ngazi mbili za mahakama zinazokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, na kesi nyingi za kila siku, kama vile wizi, talaka, mirathi na ugomvi wa ardhi, huishia huko. Mahakama za shirikisho husikiliza mambo yaliyotajwa na katiba na sheria za nchi nzima. Hayo ni pamoja na:
* makosa ya jinai dhidi ya sheria za shirikisho;
* madai yanayohusu katiba au sheria za shirikisho;
* kesi ambazo serikali ya Marekani ni mmojawapo wa wahusika;
* madai kati ya raia wa majimbo tofauti, yakizidi thamani ya dola 75,000;
* mambo ya meli na usafiri wa baharini;
* kufilisika kwa watu na makampuni.

Kwa kuwa benki kubwa na soko la hisa la New York viko Manhattan, mahakama hii hupata kesi nyingi za udanganyifu wa fedha na biashara ya hisa.

## Eneo

Wilaya ya Kusini ina kaunti nane: New York (yaani Manhattan), Bronx, Westchester, Rockland, Putnam, Orange, Dutchess na Sullivan. Jiji la New York lenyewe limegawanywa: Brooklyn, Queens na Staten Island ziko katika Wilaya ya Mashariki, yenye mahakama yake Brooklyn.

Mjini Manhattan mahakama hutumia majengo mawili yaliyo karibu. La zamani lilifunguliwa mwaka 1936 na leo lina jina la Thurgood Marshall, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Jengo la pili lina jina la seneta Daniel Patrick Moynihan. Kuna pia jengo la mahakama mjini White Plains kwa ajili ya kaunti za kaskazini.

## Historia

Sheria ya Mahakama ya tarehe 24 Septemba 1789 iligawa nchi katika wilaya 13, mojawapo ikiwa New York. Mahakama yake ilikaa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Novemba 1789 chini ya jaji James Duane. Hicho kilikuwa kikao cha kwanza cha mahakama yoyote chini ya katiba mpya ya Marekani. Hata Mahakama Kuu Kabisa ilikutana mara ya kwanza Februari 1790. Kwa sababu hiyo wanasheria huiita "mahakama mama".

Mwaka 1814 wilaya ya New York iligawanywa kuwa ya Kaskazini na ya Kusini. Mwaka 1865 Wilaya ya Mashariki ilimegwa kutoka ile ya Kusini, na mwaka 1900 Wilaya ya Magharibi ilimegwa kutoka ile ya Kaskazini. Tangu hapo jimbo la New York lina wilaya nne.

## Majaji

Sheria inaipa mahakama hii nafasi 28 za majaji wa wilaya. Kila jaji huteuliwa na rais wa Marekani na lazima athibitishwe na Seneti. Akishaapishwa hana muda maalumu wa kumaliza kazi, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa. Anaweza kuondolewa tu kwa kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani na Seneti. Nia ya kanuni hiyo ni kwamba jaji aweze kuamua dhidi ya serikali bila kuogopa kupoteza riziki yake.

Jaji aliyefikisha umri wa miaka 65 na kutumikia miaka 15 anaweza kuwa jaji mwandamizi. Hapo huendelea kusikiliza kesi kwa kiasi anachokubaliana na mahakama, na nafasi yake huhesabiwa kuwa wazi ili rais ateue mwingine. Majaji waandamizi ni msaada mkubwa, maana kesi ni nyingi kuliko majaji.

Jaji kiongozi hachaguliwi kwa kura wala hateuliwi na rais. Cheo humwangukia jaji aliyetumikia muda mrefu zaidi kati ya wale wasiofikia umri wa miaka 65 na wenye angalau mwaka mmoja kazini. Hukishika kwa miaka saba, lakini si baada ya kufikisha miaka 70. Kazi yake ni kusimamia shughuli za mahakama. Hana mamlaka ya kubadilisha hukumu za wenzake. Laura Taylor Swain alishika cheo hicho mwaka 2021 baada ya Colleen McMahon.

Chini ya majaji wa wilaya wapo mahakimu wa shirikisho, ambao huteuliwa na majaji wenyewe kwa kipindi cha miaka minane. Hao hushughulikia hatua za mwanzo kama vile hati za upekuzi na dhamana, na wanaweza kusikiliza kesi ya madai yote wahusika wakikubali. Kesi za kufilisika zina majaji wao, ambao huteuliwa na mahakama ya rufaa kwa miaka 14.

## Watendaji wengine

Msajili hutunza kumbukumbu zote na kupokea hati. Maofisa wa usalama wa mahakama, waitwao mamarshali, hulinda majaji na kusafirisha mahabusu. Mwendesha mashtaka wa wilaya huteuliwa na rais kwa kibali cha Seneti, lakini yeye ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, si wa mahakama. Mshtakiwa asiye na uwezo wa kulipa wakili hupewa mmoja kwa gharama ya umma.

## Mwendo wa kesi

Kesi mpya hupangiwa jaji kwa bahati nasibu, ili mtu asiweze kujichagulia jaji anayempenda. Katika jinai nzito mashtaka lazima kwanza yapite kwenye juri kuu, yaani kundi la raia 16 hadi 23. Angalau 12 kati yao wakiona kuna sababu ya kutosha, hutoa hati ya mashtaka. Baadaye raia 12 wa juri ya kesi husikiliza ushahidi, na lazima wote wakubaliane kabla ya kumtia mtu hatiani. Jaji huongoza kesi, huamua ushahidi upi unaruhusiwa, na hutoa adhabu.

Asiyeridhika hukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, ambayo iko katika jengo hilohilo la Thurgood Marshall. Juu yake ipo Mahakama Kuu Kabisa tu, mjini Washington.

## Kesi za milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam

Milipuko ya mwaka 1998 iliua watu 224, wengi wao Wakenya na Watanzania. Wamarekani walikuwa 12. Upelelezi dhidi ya Osama bin Laden ulikuwa umeshaanza New York, na juri kuu ya wilaya hii ilitoa hati ya siri ya mashtaka dhidi yake mwezi Juni 1998, kabla ya milipuko. Hivyo kesi za balozi zilipelekwa hapohapo.

Mwaka 2001 watu wanne walihukumiwa mbele ya jaji Leonard Sand: Mohamed al-Owhali, Mohammed Odeh, Wadih el-Hage na Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed. Tarehe 29 Mei juri iliwatia hatiani kwa mashtaka yote. Waendesha mashtaka waliomba adhabu ya kifo kwa al-Owhali na Khalfan, lakini wanajuri hawakukubaliana wote, hivyo wote wanne walifungwa maisha. Wakati kesi ikiendelea, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba Khalfan, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999, alikabidhiwa kwa Marekani kinyume cha sheria, kwa kuwa haikudaiwa kwanza ahadi kwamba hatauawa.

Kesi iliyozua mjadala zaidi ni ya Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akashikiliwa na shirika la ujasusi la Marekani CIA, kisha akapelekwa gereza la Guantanamo. Mwaka 2009 alihamishiwa New York, akawa mfungwa wa kwanza wa Guantanamo kushtakiwa katika mahakama ya kiraia. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumshurutisha Ghailani alipohojiwa. Tarehe 17 Novemba 2010 juri ilimwachilia kwa mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu mali ya serikali. Kosa hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha mnamo Januari 2011.

Wengine waliona matokeo hayo kuwa hatari, kwa kuwa mshtakiwa nusura aachiliwe. Wengine walisema ndiyo uthibitisho kwamba mahakama ilikuwa huru kweli. Bunge la Marekani lilizuia fedha za serikali kutumika kuwaleta wafungwa wengine wa Guantanamo nchini kwa ajili ya kesi.

## Majaji mashuhuri

* Learned Hand (1909–1924), ambaye maandishi yake ya kisheria bado hunukuliwa sana.
* John M. Woolsey, aliyeamua mwaka 1933 kwamba riwaya ''Ulysses'' ya James Joyce haikuwa kitabu cha matusi na iruhusiwe kuingia nchini.
* Constance Baker Motley, Mmarekani Mweusi wa kwanza wa kike kuwa jaji wa shirikisho (1966), na jaji kiongozi tangu 1982 hadi 1986.
* Murray Gurfein, aliyekataa mwaka 1971 kulizuia gazeti la New York Times kuchapisha nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam.
* Sonia Sotomayor (1992–1998), ambaye tangu 2009 ni jaji wa Mahakama Kuu Kabisa.
* Denny Chin, aliyemhukumu mfanyabiashara tapeli Bernard Madoff kifungo cha miaka 150 mwaka 2009.