Kinauzwa si kimeuzwa: Mgeni wa minada ya vigari mtandaoni aanzie wapi?

YEYOTE aliyewahi kufungua robota la mitumba, au kaunjika kama wanavyoiita wenyeji wa Malawi, anajua kuwa katikati ya mashati na suruali huwa hakukosi kitu cha kuchezea. Mara ni mdoli wa kitambaa, mara ni kigari cha chuma chenye rangi iliyochubuka. Mimi huchukua mzigo wangu soko la Tsoka, Lilongwe, na kuupeleka kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa kilometa 45 hivi. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilikuwa nyongeza kwa mteja aliyekuja na mtoto.

Siku hizi navisoma kwanza tumboni. Kigari cha chuma huandikwa chini yake jina la kiwanda, nchi na mara nyingi mwaka. Kutokana na kusoma huko nikaingia kwenye minada ya mtandaoni, na sasa nina vigari 14, ambavyo 11 kati yake nimevinunua mnadani. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, pamoja na ndugu wanaojiandaa kurudi makwao, wamekuwa wakiniuliza kama kuna fedha humo. Makala haya ni jibu langu kwao.

Dola elfu tano za dubu

Mwaka jana kijana mmoja wa Kirundi anayeuza vocha hapa Dzaleka alinijia mbio na simu mkononi.

"Kaka, angalia. Dubu kama huyu wa kwako anauzwa dola elfu tano!"

"Anauzwa, au ameuzwa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kijana huyo alikuwa na akiba ya kununulia maharage wakati wa mavuno, na alikuwa tayari kuitoa yote anunue dubu watatu wa aina hiyo ili awauze kwa bei ya juu.

Ndugu msomaji, lugha yetu ina hazina hapo. Kinachouzwa kina bei ya mwenye mali. Kilichouzwa kina bei ya soko. Mtu yeyote anaweza kuweka dubu wake mtandaoni na kuandika dola 5,000, kama vile mwenye mbuzi mzee anavyoweza kudai bei ya ng'ombe. Kwenye eBay, mnada mkubwa ulioanzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar, kuna sehemu ya kuchuja ili uone vitu vilivyokwisha kuuzwa tu na bei zilizofikiwa. Tulipochuja pamoja, dubu wa aina ile walikuwa wametoka kwa dola chache tu.

Dubu hao ni wa kundi la Beanie Babies, midoli ya kampuni ya Ty ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1993. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 Wamarekani waligombania midoli hiyo, wengine wakaweka akiba zao humo wakiamini bei haitashuka. Kampuni ilikuwa ikitangaza kuwa mdoli fulani hautengenezwi tena, na bei inapaa. Homa ilipopoa, waliochelewa kuuza walibaki na masanduku ya midoli. Yaliyokuwa adimu kweli yalikuwa machache, mengine yalitengenezwa kwa mamilioni.

Ni kweli kwamba zipo bei za kutisha. Mwaka 2024 sanamu ndogo ya Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, iliuzwa dola 525,000 katika mnada wa Heritage nchini Marekani. Lakini hiyo ilikuwa sampuli ya majaribio ya mwaka 1979 ambayo haikuwahi kuingia dukani. Kitu cha namna hiyo hakiji kwenye robota la Tsoka.

Kusoma tumbo la kigari

Mgeni aanze na aina moja tu. Mimi nilianza na Matchbox, vigari vilivyozaliwa Uingereza mwaka 1953 katika kampuni ya Lesney. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 1982, na jina la Matchbox likapita mikono kadhaa hadi kufika Mattel. Kwa hiyo kigari chenye maandishi ya Lesney na England tumboni ni cha zamani kuliko kile kilichoandikwa Mattel, hata kama vinafanana sura.

Hot Wheels, vigari vya Mattel vilivyoanza mwaka 1968, vina mtego wake. Mwaka ulioandikwa tumboni ni wa kusajili umbo lile, na umbo moja linaweza kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye. Wauzaji wengine hawalijui hilo. Wengine wanalijua vizuri na wananyamaza. Wakusanyaji hutafuta zaidi vile vya kati ya 1968 na 1977, vyenye mstari mwekundu kwenye magurudumu.

Jambo la tatu ni hali ya kitu. Kigari kilichopakwa rangi upya hung'aa kuliko cha asili na huwa na thamani ndogo. Kuna magurudumu ya kuigiza, na hata maboksi ya kuigiza yaliyochapwa juzi. Ukiona picha za upande mmoja tu, mwandikie muuzaji na uombe picha ya tumbo, ya magurudumu na ya boksi. Asipojibu, umepata jibu.

Mimi niliwahi kuletewa kigari kilichotangazwa kuwa na rangi ya asili, kumbe kimepakwa upya hadi kwenye misumari ya chini. Kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi picha za tangazo na kulipia ndani ya mnada wenyewe, nilidai na fedha zikarudi.

Mnada usio na kelele

Sisi wa mpakani tumezoea mnada wa ng'ombe na wa mazao, ambako unamwona mshindani wako usoni. Mtandaoni humwoni mtu. Unaandika dau lako la juu kabisa, na mashine inakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Tuseme kigari kinaanzia dola 5. Wewe umeandika 20, na mwenzako ameandika 12. Bei itasimama kwenye dola 12 na senti 50, nawe ndiwe unayeongoza. Zile 20 hazionekani na mtu mpaka azifikie.

Wajanja husubiri sekunde za mwisho ndipo waweke dau, ili wengine wasipate muda wa kufikiri. Dawa yake ni kuandika tangu mwanzo kiasi ambacho hutajuta kukilipa wala hutajuta kukikosa, kisha ufunge simu. Anayebaki anatazama saa ikirudi nyuma hupandwa na mori, na mori haujui hesabu. Kumbuka pia kuwa dau ni ahadi: ukishinda, unatakiwa kulipa.

Zingatia sana maoni ya wanunuzi waliotangulia kuhusu muuzaji. Soma yale mabaya kwanza, uone aliwajibu vipi waliolalamika. Na muuzaji akikuambia mmalizane pembeni, kwa kumtumia fedha moja kwa moja ili akupunguzie bei, kimbia. Dhamana ya mnada, ambayo kwa kawaida hukupa siku 30 baada ya kupokea ili kudai kama kitu si kile kilichoelezwa, haihusu malipo ya pembeni.

Kutoka mnadani hadi mlangoni

Hapa ndipo wengi hupotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nafungua daftari langu. Kigari nilichoshinda kwa dola 8 kilikuwa na gharama ya kutumwa ya dola 17. Kuna makato ya kubadilisha fedha. Kuna ushuru, na hapa msomaji azingatie: Mamlaka ya Mapato ya Malawi huhesabu thamani ya mzigo pamoja na bima na usafirishaji, maana yake hata zile dola 17 zimo kwenye hesabu ya kodi. Ongeza nauli ya kwenda mjini kuuliza, na nauli ya kwenda tena kuchukua. Kigari cha dola 8 kilinifikia kwa dola 34.

Dola yenyewe si ya kuokota. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kutoka karibu 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja kwa bei rasmi, na mtaani dola imekuwa ikiuzwa ghali zaidi ya hapo. Aliyepanga bajeti yake kwa bei ya rasmi kisha akanunua dola mtaani amekwisha pata hasara kabla mnada haujafungwa.

Kwa mkazi wa Dzaleka kuna mlima mwingine. Kambi hii iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi, na sasa ina zaidi ya 50,000. Sheria za Malawi zinamtaka mkimbizi akae kambini. Mei 2023 polisi walianza kuwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na kuwarudisha hapa, na maduka mengi yakafungwa. Mwenye kifurushi njiani siku zile, anwani yake ikiwa ya duka la mjini, alikuwa na kazi ya kukitafuta. Tumia anwani ya sanduku la posta la mtu unayemwamini, ambaye hatahamishwa kesho.

Wengi hutumia ndugu waliohamia Marekani: kifurushi kinafika kwake, yeye anakusanya vitano au sita na kuvituma pamoja. Njia hiyo hupunguza gharama kwa kila kigari, nami huitumia. Lakini ifahamike kuwa eBay haikulindi tena kwa kitu kilichofika kwenye anwani ya kwanza na kutumwa kwingine. Kwa hiyo mwombe shemeji au dada akifungue kifurushi siku hiyo hiyo, akupigie picha tumbo na magurudumu, ndipo useme kiendelee na safari au kirudi kwa mwenyewe.

Wanaovuka mpaka wa Mchinji kwenda Chipata wasidhani kuwa utaratibu rahisi wa forodha wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo utawasaidia. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Kigari cha Uingereza au Thailand hakimo. Wa Songwe kwenda Kyela nao wajue kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Weka risiti zako, uonyeshe, ulipe, upite.

Na kwa wewe unayesubiri siku ya kurudi nyumbani, usiweke dau ukiwa umekwisha kufunga mizigo. Kifurushi kinaweza kuchukua wiki nyingi, nacho hakijui kuwa umehama.

Basi, kuna fedha?

Kijana wa vocha hakununua dubu. Alinunua maharage, akauza, faida akaitia mfukoni, kisha akaweka dau la dola 4 kwa kigari cha zimamoto akakikosa, na usingizi wake haukupungua. Hivyo ndivyo ningependa kila mgeni aanze: kwa fedha ambayo ikipotea watoto watakula kama kawaida. Mtaji wa mahindi, samaki au vitenge una kazi yake. Wanunuzi wa vigari vya kale Lilongwe ni wachache, na kumpata mmoja kunaweza kuchukua miezi, wakati ada ya shule haisubiri.

Ukitaka upande wenye matumaini zaidi, tazama tulicho nacho sisi. Watoto wa Malawi tangu zamani hutengeneza galimoto, vigari vya waya vyenye usukani mrefu ambavyo mtoto huviendesha akiwa amesimama. Neno lenyewe ni la Kichewa, maana yake gari. Mwaka 1990 mwandishi wa Marekani Karen Lynn Williams, aliyewahi kufundisha Malawi, alichapisha kitabu cha watoto kiitwacho "Galimoto", kuhusu mvulana anayetafuta waya za kuundia chake. Wageni hununua vigari vya waya kwa wauza vinyago wa Old Town, Lilongwe, na vitu vya kuchezea vya waya kutoka Afrika huonekana pia kwenye minada ile ile tunayoizungumzia.

Hapa Dzaleka wapo vijana wanaokunja waya kwa ustadi, tena wanatengeneza hata malori yenye tela kama yale yanayopita Karonga. Wanauza kwa bei ya soda kwa sababu hawaandiki lolote. Mkusanyaji hulipia habari sawa na anavyolipia kitu. Jina la fundi, mahali, mwezi na mwaka, vikiandikwa kwenye kipande cha bati na kufungwa chini ya kigari, vinafanya kazi ile ile inayofanywa na maandishi ya Lesney. Nimekwisha kuwashawishi wawili waanze. Mmoja alinijibu, "Mzee, nikiandika jina langu si nitadaiwa kikiharibika?" Nikamwambia ndiyo, atadaiwa, na ndiyo maana kitanunuliwa.