Kuzungumza Juu ya Picha za Sinema

Jambo tunalotaka kulieleza katika mazungumzo haya ni dogo kwa kulitazama, lakini lina faida kubwa. Nalo ni hili: mtu akiisha kutazama picha ya sinema, asemeje juu yake?

Sisi tufundishao vijana watakaokuwa walimu tumelijaribu jambo hili mara nyingi. Picha ikiisha na taa zikiwashwa, twawauliza wanafunzi, "Mmeionaje?" Jibu ni lile lile siku zote: "Nzuri sana, Mwalimu." Tukiuliza, "Uzuri wake ni nini?" wote hunyamaza na kutazamana. Lakini usiku ule ule, tupitapo karibu na mabweni, twawasikia wakibishana kwa sauti kubwa. Huyu asema yule mzee alikuwa na haki. Mwenziwe asema hakuwa na haki hata kidogo. Wa tatu awacheka wote wawili, kwa kuwa hawakuiona barua iliyokuwa mezani tangu mwanzo. Basi maoni wanayo, tena mazuri. Wasichonacho ni desturi ya kuyatoa mbele ya watu pamoja na sababu zake.

Huenda mtu akauliza, "Kuna hasara gani? Sinema si mchezo tu?" Twajibu kwamba asiyesema maoni yake husemewa na wengine, na mara nyingi husemewa vibaya. Na tutoe mifano ya mambo yaliyotukia.

Kati ya mwaka 1935 na mwaka 1937 palikuwa na kazi ya kutengeneza picha za sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Major L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza picha 35 hivi, wakazichukua kwa lori pamoja na mashine ya umeme, pazia jeupe, na sahani za santuri zilizotoa maneno kwa lugha mbalimbali. Walizionyesha Tanganyika, Kenya na Uganda, na katika nchi ambazo sasa huitwa Malawi na Zambia. Tena walitaka kujua jinsi watazamaji walivyozipokea, wakaandika habari hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1937.

Picha mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Wafanya kazi wawili wapokea mshahara. Mmoja azifukia fedha zake ardhini, na mwizi azichukua. Wa pili aziweka posta, nazo zikawa salama. Mafundisho haya ni mema. Lakini mkulima akaaye mwendo wa siku mbili kutoka posta aweza kuuliza, "Mtoto wangu akiugua usiku, nitazipataje fedha zangu?" Swali hilo si ubishi, wala si ujinga. Ni maoni yenye maana, na mwenye kutengeneza picha akilisikia atajua neno la kuongeza katika picha itakayofuata. Lakini mkulima yule akisema "nzuri sana" na kwenda zake, picha ya pili itakuwa na kasoro ile ile ya kwanza. Wazee walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sasa tutazame mfano wa pili. Mwaka 1962 mwanachuoni mmoja wa Kanada, Marshall McLuhan, alisimulia katika kitabu chake habari aliyoipata kwa John Wilson. Watu wa kijiji kimoja cha Afrika walionyeshwa picha fupi juu ya usafi: bwana afya aondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo matupu. Picha ilikwenda polepole kabisa ili wote wafahamu. Ilipokwisha, wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Kuku." Wenye picha wakashangaa, maana wao wenyewe hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakaichunguza picha ile kipande kwa kipande, na kumbe! kuku alikuwamo, aliruka katika pembe ya chini kwa muda wa nukta moja tu.

Habari hii imerudiwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba watu wa mashamba hawakujua kutazama picha. Sisi twaiona kwa njia nyingine. Waliulizwa walichokiona, nao wakasema kweli. Hata wakamwona kiumbe ambaye mwenye picha mwenyewe hakumwona. Walipoulizwa zaidi, walimtaja yule bwana pia. Lau mwulizaji angaliwauliza, "Je, mwakubali kwamba makopo haya yaleta ugonjwa? Kwa sababu gani?" huenda angalipata jibu jingine kabisa. Kosa laweza kuwa katika swali, wala si katika macho ya aliyeulizwa.

Kosa la namna hii lilizaa kanuni. Bwana William Sellers, aliyeongoza utengenezaji wa picha katika idara iliyoanzishwa London mwaka 1939 kwa ajili ya makoloni ya Uingereza, alishika kwamba watazamaji wa mashamba hawawezi kufuata hadithi ila iende polepole sana, bila kurukaruka kutoka mahali hata mahali. Kwa hiyo picha nyingi zikatengenezwa za kuchosha. Walakini katika miaka ile ya 1950 watu wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakijaza nyumba za sinema kutazama picha za Bara Hindi, ambazo urefu wake ni kama saa tatu, zenye mambo mengi yaliyofumana, tena katika lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Nao walizifuata barabara, wakarudi nyumbani kuwasimulia jamaa zao.

Picha mojawapo iliyopendwa mno ilikuwa Awaara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951. Hadithi yake kwa ufupi ni hii. Jaji Raghunath amhukumu mtu aitwaye Jagga. Hatazami sana ushahidi, bali atazama kwamba baba yake alikuwa mhalifu. Jagga ataka kulipiza kisasi. Amteka mke wa jaji, kisha amwachilia ili mumewe amshuku. Na kweli, jaji amfukuza mkewe naye ni mja mzito. Mtoto azaliwa katika umaskini, jina lake Raj, na Jagga amfundisha wizi. Mwisho Raj asimama mbele ya hakimu kwa shitaka la kutaka kumwua jaji, ambaye ni baba yake mzazi, na msichana Rita, mwanasheria, ndiye anayemtetea.

Tazama sasa jinsi picha moja iwezavyo kuzaa mazungumzo. Mtu wa kwanza atasema, "Jaji aliamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na wazee wetu walisema vivyo hivyo." Wa pili atamjibu, "Wazee hao hao walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Damu ya Raj ni damu ya jaji, na bado alikuwa mwizi, kwa kuwa alilelewa na mwizi." Ndipo mama mmoja aliyekuwa kimya atasema, "Ninyi nyote mmeanza katikati. Kosa la kwanza ni la mume aliyemfukuza mkewe bila kumsikiliza." Baada ya neno hilo watu hawazungumzi tena habari za Bara Hindi, wazungumza habari za nyumba zao wenyewe. Hiyo ndiyo faida ya sinema, na faida hiyo haipatikani wakati picha ionyeshwapo. Hupatikana baadaye, watu wanapoketi na kusemezana.

Basi, kwa wale wapendao kuzungumza hivyo, iwe barazani au darasani, twatoa mashauri machache.

Kwanza, eleza ulichokiona kabla ya kusema ulivyokipenda. Watu wawili wakibishana juu ya jambo ambalo mmoja hakuliona, watakesha bure.

Pili, kila usemapo "nzuri" au "mbaya," fuatisha neno "kwa sababu." Kama huna sababu, nyamaza kidogo uitafute, mara nyingi utaipata.

Tatu, usisahau kwamba picha imetengenezwa na mtu mwenye nia yake. Ataka ucheke hapa, ulie pale, umchukie huyu na kumhurumia yule. Jiulize kama alistahili kukuongoza hivyo. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Nne, msikilize mwenzio mpaka mwisho, hata akiwa mdogo kwako au mgeni wa mambo haya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na yule amwonaye kuku huenda ameona jambo lililotupita sisi sote.

Tano, kama yuko ambaye bado hajaitazama picha, usimfunulie mwisho wake. Huko ni kumwibia.

Siku hizi tumebadili desturi yetu. Picha ikiisha hatuwaulizi tena wanafunzi, "Mmeionaje?" Twawauliza, "Ni nani katika picha hii aliyetendewa isivyo haki, nanyi mwajuaje?" Tangu hapo hatuhitaji kupita karibu na mabweni ili kuyasikia maoni yao, na mara mbili tatu wametuonyesha, kwa adabu, kwamba sisi walimu ndio tuliokuwa tumetazama vibaya.